Kufuli Namba Kumi na Saba

Kufuli lilikuwa la moto. Dahabo Warsame aliligusa saa tano na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu ya pili ya Januari, katika chumba ambacho baridi yake haikupungua mwaka mzima, akaurudisha mkono wake haraka. Kisha akaisoma namba iliyochongwa ubavuni. Kumi na saba. Lilikuwa limening'inia kwenye swichi kuu ya Pipa, mahali lilipofungwa mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita.

Akamwita mdogo wake. Saredo alipofika, akikokota mpira wa maji, swichi ilikuwa tupu.

"Dada, umekunywa chai asubuhi?" Saredo alimuuliza.

"Nimekunywa."

"Basi kunywa nyingine."

Pipa lilikuwa mashine ya kukandia nyama ya bata mzinga: tumbo la chuma lenye urefu wa watu wawili, mdomo wake juu, na ndani yake makasia mazito yanayozunguka. Kila mchana, kati ya zamu mbili, mtu mmoja wa kikosi cha usafi alipanda ngazi, akaingia na kuyakwangua makasia. Kanuni yake ilibandikwa ukutani kwa lugha tano, Kisomali kikiwa cha tatu. Kabla ya kuingia, zima swichi. Ifunge kwa kufuli lako lenye namba na picha yako. Tia ufunguo mfukoni mwako. Kufuli la mtu halifunguliwi na mwingine.

Wasomali wa kiwanda kile, nje kidogo ya mji mmoja wa Minnesota, walikuwa na desturi yao ambayo haikubandikwa popote. Adhuhuri iliangukia katikati ya usafi, na ruhusa ya kuswali ilikuwa dakika kumi. Aliyemaliza kukwangua akaondoka kwenda kuswali alimwachia mwenzake ufunguo, mashine isije ikamsubiri. Waliuita amana. Msimamizi wao, Dale, aliijua desturi hiyo akaifumbia macho, kwa kuwa iliwahisha kazi.

Majira ya baridi ya miaka mitatu iliyopita, Hirsi wa namba kumi na saba alimwekea Dahabo ufunguo kiganjani, akasema, "Shika amana, naenda kuswali." Mkono wake ulikuwa wa moto mno. Dahabo aliliona hilo, akalisahau. Baada ya dakika nane Dale aliitaka mashine. Dahabo alifungua kufuli. Dale akawasha.

Hirsi alikuwa ndani.

Kabla wakaguzi hawajafika, Dahabo alilirudisha kufuli kabatini kwa Hirsi na ufunguo kwenye koti lake. Alipoulizwa alijibu maneno mawili: "Sikuona kufuli." Dale, kwa sababu zake, alisema vivyo hivyo. Ripoti ikaandika kwamba marehemu hakufunga swichi, na mama yake kule Kismayo akaambiwa kwamba mwanawe aliuawa na uzembe wake mwenyewe. Kwa kuwa ufunguo haukutajwa, hakuna aliyeipiga marufuku amana. Na tangu Septemba, aliyekuwa akiingia ndani ya Pipa ni Saredo, mdogo wake wa pekee, mama wa mapacha.

Baada ya Jumatatu ile ilianza harufu. Udi, katika chumba ambamo hata kiberiti hakikuruhusiwa. Ikaja juu ya harufu ya klorini, ikakaa. Jumatano zikafuata kelele: mkwaruzo ndani ya Pipa tupu, kisha kugonga, mara tatu, kimya, mara tatu. Mafundi walifungua, wakatia grisi, wakafunga. Kelele ziliendelea wiki nzima, na ya pili, hata watu wakazizoea.

"Hilo dude lina njaa," Dale alisema.

"Lilishe wewe, una mwili," Saredo akamjibu, na kikosi kizima kikacheka isipokuwa Dahabo.

Wiki ya tatu, katika chumba cha chakula, Saredo aliiweka chini sambusa yake, akainamisha kichwa, na sauti ya mwanamume ikatoka kinywani mwake, ya chini, ya kistaarabu, kama mtu anayeuliza njia: "Ufunguo wangu anao nani?"

Dale aliposikia kwamba watu hawarudi kazini mpaka aletwe shehe, alikuna kidevu. "Kama atawafanya mrudi kazini, mwambieni aje na viatu vya usalama."

Shehe Diriye alikuja Ijumaa baada ya swala, amevaa kofia ya plastiki juu ya kofia yake. Walimketisha Saredo kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Shehe alisoma kwa nusu saa, akamnyunyizia maji, akasoma tena. Saredo akaanza kutetemeka miguu, halafu mabega, halafu taya.

"Unataka nini kwa binti huyu?" Shehe alinong'ona.

"Kwake sitaki kitu. Nauliza amana."

"Anayo nani?"

Shehe aliinua macho, akawatazama waliosimama mmoja mmoja, na alipomfikia Dahabo hakuyaondoa. Dahabo alifungua kinywa. Alimwona mama wa Hirsi asiyemjua, aliuona uso wa mdogo wake utakavyokuwa akishasikia, na neno lililokuwa limefika kwenye ulimi, baada ya miaka mitatu ya kupanda, likageuka likashuka.

"Basi," ile sauti ikasema taratibu, "tutaendelea kupeana."

Saredo akapiga chafya, akaomba chai.

Mlangoni, Shehe alimvuta Dahabo kando. "Jini limemtoka mdogo wako, mwanangu. Kama limetoka humu ndani, sijui. Lina neno linalolisubiri, nami sinalo." Kisha akawageukia wengine. "Likigonga tena, msiliitikie. Likikosa wa kuliitikia, litachoka."

Dahabo hakulala usiku ule wala uliofuata. Jumatatu alifika na uamuzi mmoja, mdogo, ulio ndani ya uwezo wake.

"Leo Pipa naingia mimi," alimwambia Saredo. "Na kesho, na keshokutwa."

"Umri wako na ngazi ile wapi na wapi, dada?"

"Wewe osha meza."

Alitaka kuongeza: na usipokee ufunguo wa mtu yeyote, hata wangu. Lakini Saredo angemuuliza sababu. Akachukua kikwanguo chake.

Saa tano na dakika hamsini alizima swichi. Akafunga kufuli lake, namba thelathini na mbili, akalivuta mara mbili kulihakiki. Ufunguo akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga zipu mpaka mwisho. Akapanda, akashuka ndani, akaanza kukwangua kutoka kasia la mbali, kama inavyotakiwa.

Alikuwa kwenye kasia la tatu mipira ya maji iliponyamaza huko nje. Harufu ya udi ikashuka kutoka juu kama mtu anayeteremka ngazi kwa makini, ikamzunguka, ikamwingia ndani ya barakoa, na katika kimya kile akaisikia sauti ya Dale chini ya Pipa, karibu kabisa na ukuta wa chuma.

"Ufunguo wa hili anao nani? Laini ya nyama inanisubiri."

"Ninao mimi," Saredo alisema. "Dada kaenda kuswali."

"Una uhakika hayumo?"

"Si kaniwekea mkononi mwenyewe, sasa hivi, nikimtazama. Mkono wa moto huo, utadhani katoka kuoka mikate."

Dahabo alishika mfuko. Zipu ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, kama alivyoiacha, na nyuma ya zipu hapakuwa na kitu. Na hapo ndipo alipojua, akiwa na sekunde chache za kujua, ni nani aliyempa ufunguo miaka mitatu iliyopita, na kwamba Hirsi wakati ule alikuwa amesimama hapa, kwenye kasia hili au lile, akipapasa mfuko wake mwenyewe. Aliita jina la mdogo wake, lakini barakoa na chuma na viziba masikio vya walio nje vilikula sauti yake, akavua barakoa akaita tena, akakimbilia mdomo wa Pipa, akateleza kwenye mafuta, akaanguka, na palepale alipoanguka akaanza kugonga kwa kikwanguo, mara tatu, akasikiliza, mara tatu.

"Limeanza tena," Dale alisema.

"Usilijali," Saredo akamjibu. "Shehe katwambia tusiliitikie."

Kisha Dahabo akausikia ufunguo ukiingia, bila haraka, na kufuli lake likifunguka.