Nusu Saa Kabla ya Habari

"Picha ni nzuri," alisema Bi Pasipoti, "ila huyu wa nyuma ungemtoa. Anavuta jicho."

Watu wanane waliokuwa kwenye chumba kile, juu ya duka la kusafishia picha, walisogeza shingo mbele waangalie vizuri. Fundi peke yake, aliyeipiga, hakuangalia, kwa sababu hakuruhusiwa. Kikundi chao kina utaratibu ambao wageni huuona wa ajabu. Kila Jumamosi alasiri picha moja huketishwa kwenye kiti kama mgeni, na aliyeipiga husimama nyuma ya kiti, haioni, hasemi neno, anatazama tu nyuso za wanaoitazama. Bi Pasipoti, aliyepiga picha za pasipoti miaka arobaini mpaka jina likamganda, ndiye aliyeuanzisha. Yeye husema mpiga picha anayeitetea kazi yake kwa mdomo hajaimaliza.

"Wa nyuma yupi?" aliuliza mpiga picha wa harusi. "Mimi namwona mama mmoja na sinia la dengu."

"Hapo, usawa wa bega. Au ni macho yangu?"

"Ni miwani yako, Bi. Ifute."

Wakacheka, Bi Pasipoti akaifuta miwani, yakaisha. Fundi naye alitabasamu huko nyuma. Lakini alijua chumba alichopigia picha ile hakikuwa na mtu nyuma ya mama yule.

Wakaanza kuichambua. Wa harusi alisifu rangi zilivyofifishwa, akasema manjano ya blauzi yamebaki kidogo tu, kama kitu kilichofuliwa mara mia, na hilo linaumiza kuliko machozi. Mwingine alisifu vumbi la dirishani na mikunjo ya shingo ambayo haikulainishwa. Kisha akasimama mzee mmoja wa magazeti, mtu asiyesifu kitu, wanayemwita Gazeti. Alipiga magoti mbele ya kiti akakaa hapo muda mrefu.

"Tazameni mdomo," alisema taratibu. "Kicheko hakijaondoka, na msiba umeshafika. Vyote viwili viko kwenye uso mmoja. Nimepiga ajali na misiba miaka ishirini, dakika hii sijawahi kuikuta. Fundi, uliipataje?"

Sasa ilikuwa ruhusa kusema.

"Bahati tu," alisema Fundi. "Nilikuwa na kamera mkononi."

Uongo. Tena uongo mkavu, wa mtu aliyeufanyia mazoezi. Wakaamua picha ile itundikwe kwenye maonyesho makubwa ya mwisho wa mwezi, wakampa mkono mmoja mmoja, na kila mkono alioushika ulimzidishia aibu.

Ukweli ni huu. Jumanne moja, saa nane kamili mchana, Fundi alipigiwa simu na mtu wa kampuni ya malori. Binamu yake, ambaye nyumbani wote walimwita Dereva, lori lilikuwa limepinduka naye na amefariki palepale. Tafadhali, ndugu, mwambie mama yake, lakini taratibu. Fundi alilia. Tusimwonee, alilia kweli, paji la uso ukutani, maana yeye na Dereva walikuzwa pamoja na kuvaa nguo za kupokezana. Halafu akapangusa uso, akaenda chumba cha uani anakoishi Shangazi, mama wa Dereva.

Shangazi alikuwa ameketi dirishani anachambua dengu, kavaa blauzi ya manjano aliyoletewa na mwanawe. Mwanga ulimpiga upande mmoja wa uso, upande wa pili ukabaki gizani. Na hapo mikono ya Fundi ilimtangulia akili.

"Shangazi, kaa hivyohivyo. Nakuja."

Akaleta kamera, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akavuta pazia, akapima, akapima tena, akafunga ule waya mrefu wa kufyatulia ili mkono usitikise. Shangazi alikuwa anacheka. "Leo umenionaje, baba? Bibi harusi?" Akamsimulia jinsi Dereva alivyojificha kabatini akiwa na miaka mitano, akalala humo mchana kutwa, mtaa mzima ukamtafuta kwa mayowe. Nusu saa nzima mwanamke yule alikaa akimcheka mwanawe aliyekwisha kufa, na mpwa wake anajua, anasogeza pazia. Ilipofika saa nane na nusu, Fundi akiwa na waya kiganjani, akasema, "Shangazi, Dereva hatunaye tena." Akabonyeza.

Baadaye aliififisha ile manjano kwenye kompyuta kwa sababu ilikuwa inacheka mno.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Fundi akiwa sebuleni peke yake, alisikia kamera ikifyatuka. Mlio mmoja, mkavu, kutoka upande wa uani. Kamera yake ilikuwa kwenye begi, betri imetolewa. Ikaja harufu ya vumbi linaloungulia kwenye taa ya studio, zile taa kubwa za zamani ambazo hakuna anayezitumia siku hizi. Na pamoja na harufu, furaha. Furaha tu, isiyo na sababu, mpaka akajikuta anapiga mluzi. Harufu ilipokatika, simu ikalia. Jirani anafoka: kibanda cha kushonea cha mke wa Fundi kimeungua kwa pasi, watu wamezima, yeye amempigia tangu saa nane na hapokei. Fundi akatazama saa. Ilikuwa saa nane na nusu.

Mkewe alirudi na mabunda ya nyuzi aliyookoa. Nyuzi nyekundu zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu. Moto haukuzigusa, zilikuwa ndani ya droo ya chuma.

Wiki iliyofuata ikawa Kijino. Kijino ni binti yao wa miaka minane, jina kalipata kwa pengo la mbele. Saa nane ile kamera ilifyatuka tena, harufu ikajaa nyumba, na Fundi akakaa mbele ya kompyuta akicheka peke yake kama mtu aliyepandishwa cheo, kumbe saa hiyo mtoto kaanguka ngazi za shule, kifundo cha mkono kimevunjika, yuko ofisini kwa mwalimu analia anamwita baba.

"Ulikuwa wapi?" mkewe alimuuliza hospitalini, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie.

"Nyumbani."

"Na simu?"

"Haikulia."

"Mwalimu kapiga mara saba, mume wangu. Mara saba."

Rafiki zake Kijino walimchorea maua ya kila rangi kwenye plasta, na asubuhi ya pili maua yote yalikuwa ya kijivu. Midomo ya mtoto nayo ilikuwa imepauka. Alikunywa maziwa, akauliza bila hofu yoyote, "Baba, nani anampiga picha Bibi kila mchana?"

"Nani kakwambia?"

"Nasikia nikirudi mapema. Kwa Bibi huko uani kuna mtu anatembea."

Siku hiyo Fundi aliifunua picha, ambayo alikuwa ameigeuzia ukutani tangu ile Jumamosi. Bi Pasipoti hakuwa na tatizo la miwani. Nyuma ya bega la Shangazi palikuwa na mwanamume ameinamisha kichwa, hayuko wazi, kama mtu aliyesogea kamera ilipofyatuka. Fundi aliifunga kwa magazeti, akaenda kwa Bi Pasipoti, na Bi Pasipoti, bila kuuliza, akampa anwani ya mganga.

Mganga alikuwa mama wa makamo, muuguzi mstaafu, anayepokea watu kwa namba kama benki. Hakuifungua picha. Aliinusa kwenye kona.

"Wako majini wanaopenda damu," alisema, "na wako wanaopenda manukato, hao nafuu, unawanunulia wanakwenda. Huyu wako anakula muda. Anakaa kati ya habari na mwenye habari. Wewe ulichelewesha nini?"

Kwa mara ya kwanza Fundi alilitamka. Mganga alimsikiliza hadi mwisho, hakumfariji.

"Ulimfungulia mlango nusu saa, akaingia. Sasa atakuchelewesha na wewe, na kila mara habari yako itakuwa nzito zaidi ya iliyotangulia. Una mtoto mmoja?"

"Mmoja."

"Basi usingoje ya tatu. Nenda kwa shangazi yako, mwambie yote, usijipunguzie. Kisha mkiwa wawili muichane hiyo picha, kila mmoja mkono wake. Wote mliokuwa ndani ya nusu saa ile lazima mkubali. Mmoja akikataa, hatoki."

Fundi alikaa siku mbili hajaweza. Alikuwa anafika mlango wa chumba cha uani, anageuka. Aliogopa jini, ndiyo, lakini alimwogopa zaidi mwanamke yule mdogo wa kimo aliyemlea, na uso atakaomtazama nao. Siku ya tatu, Kijino akiwa shuleni na mkewe kaenda kutafuta kibanda kingine, saa saba na nusu ikiwa imepita, alivua viatu, akaingia na picha kwapani.

Shangazi alikuwa dirishani. Alikuwa amevaa blauzi ileile, na blauzi yenyewe sasa ilikuwa imefifia kama ya kwenye picha.

Fundi alipiga magoti akamwambia yote. Simu, pazia, waya, dakika alizohesabu. Alimwambia kwamba picha imesifiwa na watu, na kwamba aliupenda ule uso kabla hajauonea huruma. Alilia mpaka maneno yakamkatika. Shangazi aliendelea kuchambua dengu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Shangazi?"

"Uliingia humu na viatu. Tangu uko mdogo hujawahi kuingia chumbani kwangu na viatu. Nikakutazama macho, nikajua kuna mtu kafa, na mtu wangu aliyeko njiani ni mmoja." Alitupa kijiwe nje ya dirisha. "Ukasema nikae nipigwe picha. Nikasema moyoni, huyu mtoto Mungu ambariki, ananiachia mwanangu kidogo. Nikawa nasimulia, nasimulia, ili usipate nafasi ya kusema."

Fundi alishindwa kuinua kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa laana, na laana angeiweza.

"Shangazi, tuichane. Mganga kasema mikono miwili. Ni kwa ajili ya Kijino."

"Saa ngapi sasa?"

"Inakaribia saa nane."

"Basi ngoja," alinong'ona. "Usiichane. Kila siku saa nane anakuja. Anasimama hapa nyuma yangu, nasikia anavyopumua, na hajafa bado, baba, bado hajafa, hiyo nusu saa yote hajafa."

"Yule siyo Dereva."

"Najua siyo yeye," alisema Shangazi. "Nifanyeje?"

Mlio ukafyatuka, karibu sana, juu ya vichwa vyao. Harufu ya vumbi linaloungua ikashuka nzito mpaka Fundi akaionja ulimini, dengu kwenye sinia zikapoteza rangi moja baada ya nyingine kuanzia ukingoni kuja katikati, pazia likafifia, mikono yake mwenyewe ikafifia, na nyuma ya kiti cha Shangazi ikasikika hatua ya mguu mzito, hatua ya mtu aliyeshuka kwenye gari refu baada ya safari, kisha pumzi, na Shangazi akafumba macho akaegemea nyuma kama anayeegemea kifua cha mtu, akaanza kucheka polepole, akisema ulikuwa kabatini siku zote, kumbe ulikuwa kabatini, na Fundi akaona simu yake juu ya mkeka imewaka bila kulia, namba ya mwalimu, ikazimika, ikawaka tena.

Aliinyoshea mkono. Mkono wa Shangazi ukauwahi wake, ukakaa juu yake, mkavu na mwepesi.

"Usipopokea, hajambo," alisema.

Fundi alitaka kuuondoa ule mkono, ambao haukuwa na nguvu hata ya kumzuia mtoto mchanga. Lakini ile furaha ilikuwa imekwisha kuingia, tamu, isiyo na sababu, na ndani yake alimwona Kijino anakimbia uani na plasta yake, pengo liko wazi, mzima wa afya, hajaanguka popote, hajagongwa na chochote. Simu ikawaka mara ya tatu. Alijua haki ya mtoto wake ni nini, na alijua anafanya nini, safari hii hakuwa na mikono ya kuisingizia.

"Dakika moja tu, Shangazi," alisema, akaketi.