Nilijipaka Magadi Usoni, Nikaikosa Shule

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mitano, mkulima wa uwele na mtama hapa Mtinko. Masomo yangu yaliishia darasa la nne. Hayakuishia hapo kwa uvivu wala kwa kukosa akili... yaliishia kwa sababu ya uso wangu! Msinicheke kabla sijamaliza.

Nilipofika miaka kumi na minne chunusi zilinivamia. Zilianza kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, zikafika hadi kidevuni. Wavulana wa shule wakanipa jina, Suke la Uwele. Ninyi mnaojua suke la uwele linavyojaa punje mtaelewa nilivyoumia. Nikawa natembea nimejifunika kanga hadi machoni.

Mama hakuona tatizo. "Chunusi ni mgeni," aliniambia. "Hata usipomfukuza ataondoka mwenyewe. Nawa kwa maji safi asubuhi na jioni, usizikamue, usizishikeshike. Samli pakaa miguuni, usoni acha." Basi, hayo tu! Mimi nikaona ananidharau. Nilitaka dawa, tena dawa kali.

Na nilikuwa na haraka. Mwaka ule shule yetu, iliyoishia darasa la nne, ilipewa nafasi moja ya kupeleka msichana shule ya bweni, na mwalimu alinitaja mimi. Aliyenifuata kwa masomo alikuwa Monika, binti wa marehemu shangazi yangu, ambaye wazazi wangu walimlea. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja. Kilichobaki ni kupimwa na dresa, yule msaidizi wa daktari, kule bomani Singida, maana ukoma uliogopwa sana na hakuna aliyetaka mtoto mgonjwa bwenini.

Ndipo Monika akaninong'oneza kwamba dresa akiona uso mbaya humrudisha mtu nyumbani. "Lakini dawa tunayo jikoni," akasema. "Magadi! Kunde ngumu zinalainika kwa magadi, sembuse chunusi?"

Jamani, ningemkatalia vipi? Kwetu magadi ni kitu cha kila siku. Tunayakwangua ukingoni mwa ziwa, tunayatia kwenye mlenda na kunde, na kweli hulainisha. Tumeyala tangu utotoni, yangenidhuru nini? Mama alikuwa amekwenda kwao Mkiwa kumzika kaka yake, aliyeumwa na nyoka shambani. Monika akayatwanga mwenyewe, akayakoroga kwa maji kidogo, akanipaka uso mzima, nikakaa juani yakauke.

Yaliniwasha, ndugu zangu! Nilipotaka kunawa alinishika mikono. "Vumilia," akasema, "kuuma ndiko kupona." Kesho yake tukarudia, na kesho kutwa tena. Ngozi ikaanza kuchunika kama ya kiazi kilichochemshwa. Midomo ikavimba, mashavu yakatoa maji, nzi wakanifuata hadi darasani. Monika uso wake aliendelea kuunawa kwa maji matupu. Mbona yeye hakujipaka hata kidogo? Swali hilo halikunijia wakati ule.

Mama aliporudi alipiga yowe, majirani wakadhani msiba mwingine umeingia. Alininawisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akanipepea huku analia. Lakini siku ya kupimwa ilikuwa imeshafika. Baba akatuchukua wote wawili, Monika akiwa wa akiba, tukatembea hadi mjini.

Dresa alikuwa mtu wa pwani, mpole. Baba aliambiwa asubiri nje. Dresa aliponifunua kanga alirudi nyuma, kisha akaniuliza nimepatwa na nini. Nikajibu kwa midomo ile iliyovimba kwamba ni magadi. Akacheka kidogo. "Magadi ya mboga? Nani hujipaka magadi usoni, binti?" Akamgeukia Monika ili apate ukweli.

Nilimtazama Monika. Nilijua ataniokoa... Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Hakupaka kitu. Upande wa mama yake wanao ugonjwa. Mjomba wake amezikwa juzi tu."

Mjomba wangu aliyeumwa na nyoka! Nilipiga kelele, baba akaingia, akaapa kwa Mungu kwamba kwetu hakuna ukoma. Lakini mzazi anayemficha mwanawe si ndivyo angeapa? Dresa alisema kwa huruma kwamba hawezi kunichanganya na watoto wa watu.

Monika alikwenda shule. Mimi nilirudi Mtinko, na neno lile likanifuata. Kisimani niliachwa nichote wa mwisho. Kwenye pombe za mavuno mama yangu alipewa kibuyu chake peke yake. Posa hazikuja, na mume niliyempata baadaye sana alitoka mbali, ambako habari zangu hazikufika.

Na uso je? Hapa ndipo ninapolia zaidi. Mama aliendelea na maji yake safi, kivuli na subira, vidonda vikafunga. Nilibaki na baka moja jeusi shavuni, basi. Hata chunusi zenyewe zilikoma, kama mama alivyosema.

Mwaka huu Monika, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja likizo na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Mtoto amejaa chunusi, amejifunika kanga hadi machoni! Nilipomwona, moyo wangu ulipasuka. Alinisalimu shikamoo, akaniuliza, "Mama mdogo, mbona ngozi yako laini hivyo? Mimi nifanye nini?"

Nikamwambia maneno ya mama yangu, yote, hata lile la samli. Alinisikiliza vizuri kuliko mimi nilivyomsikiliza mama. Kisha akagusa shavu langu. "Na hili baka?"

Nikamtazama Monika. Aliweka kikombe cha chai chini bila kukimaliza. Ningeweza kusema yote, mbele ya mwanawe... Ningemwacha na aibu iliyonitafuna miaka yote hii! Nikamtazama tena mtoto.

"Magadi," nikajibu.

Mtoto akaangua kicheko. "Magadi ya mboga? Nani hujipaka magadi usoni, mama mdogo?"

Mama yake hakucheka. Alitoka nje, na nilimsikia akilia nyuma ya nyumba. Sikumfuata.

Wadogo zangu mnaosoma haya, nawasihi. Uso wa ujana una misukosuko yake, msiupige vita. Maji safi yanatosha, na mikono iwe mbali. Anayekuletea dawa kali, mwombe kwanza ajipake yeye. Chunusi zangu ziliondoka kabla mwaka haujaisha... shule haikurudi tena.