Uso wa Kuazima

Mchana wa Sabato moja, mwaka 1971, Nyanchama aliitika, "Ee, mama!" na hakuna aliyekuwa amemwita. Mama yake mzazi alikufa siku ya kumzaa. Katika nyumba ile ya Sironga walikuwa wawili tu: yeye, mwenye miaka minane, na nyanya yake Nyamoita, aliyekuwa akisoma Biblia.

"Unamwitikia nani?"

"Mama wa Birongo, Magokoro." Magokoro ndivyo Wakisii tunavyomwita nyanya. "Ananiita nikale."

Nyamoita akafunga Biblia. Alimjua mama wa Birongo, na kosa alijua ni la nani.

Nyamoita alikuwa mchoraji wa sura za watu, kazi ambayo hakufundishwa na mtu. Msimu wa mvua alikaa nyumbani akichora kwenye mbao miili isiyo na vichwa: suti, gauni, kiti, mkono ulioshika Biblia. Jua likitoka alizibeba mgongoni, akapita boma kwa boma. Mtu alichagua mwili aliopenda, naye akamwekea uso wake pale pale.

"Nipe suti ya bluu," mzee Ombati wa Magwagwa aliwahi kumwambia, "lakini fungua kifungo kimoja, tumbo lipumue."

"Mzee, tumbo hilo nililichora kabla sijakuona. Wewe ndiwe utakayejibana!"

Ndivyo alivyoishi, kwa vicheko, mpaka alipofika kwa Kwamboka kule Birongo. Kwamboka alikuwa amemzika Bonareri, mtoto wake wa pekee, na hakuwa na picha yake hata moja.

"Dada, nichoree," alimsihi. "Sura yake inanitoka kila siku kidogo kidogo."

Nyamoita hakuwahi kumwona yule mtoto. Angesema hapana, yangeisha. Lakini alikuwa na ubao wenye mwili wa mtoto, gauni la njano, uliokaa misimu miwili bila kichwa. Akaurudisha nyumbani, akamkalisha Nyanchama mlangoni, akachukua uso wake, akauweka kwenye ubao ule. Kisha akasimama mbele ya waumini wa Birongo akasema, "Nimefunga siku tatu. Mungu amenionyesha Bonareri."

Kwamboka akapiga magoti akilia. Tangu siku hiyo watu wakamwita Nyamoita mama wa maono, na yeye akalipenda jina hilo. Hapo ndipo alipokosea zaidi.

Baada ya Sabato ile Nyanchama hakula tena. Alisema ameshiba. Pumzi yake ilinuka mafuta ya taa, yale ambayo nyanya yake alichanganyia rangi. Kovu la kidevuni, alilolipata kwa kuanguka mtoni, likafifia kama chaki, likaisha.

Nyamoita akampeleka mjini Kisii kwa Batuli, mke wa muuza rangi, mama wa Kiislamu aliyejulikana kwa kutoa majini. Batuli alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akamtuma akae barazani.

"Jini huyu hakuvunja mlango," alinong'ona. "Umemjengea nyumba, ukamwita kwa jina la marehemu. Sasa anamvuta mwenye uso."

"Nifanye nini, mama?"

"Dawa ni ulimi wako. Nenda kwa yule mama, umwambie uso ni wa nani. Uongo ukitoka, jini hana pa kushika, na mtoto atarudi. Ila picha usiiguse kabla hujasema. Nusu ya mjukuu wako imo mle."

Nyamoita akamrudisha mtoto nyumbani, akafika Birongo peke yake saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikipiga mabati. Chini ya picha palikuwa na bakuli la uji wa wimbi. Lilikuwa tupu, limelambwa.

"Siku hizi anamaliza," Kwamboka alinong'ona, macho yaking'aa. "Usiseme kwa sauti. Mume wangu hapendi."

Nyamoita akafungua kinywa. Neno lilifika kwenye meno. Akawaona wazee wa kanisa, akawaona wale wote waliomwita mama wa maono.

"Nimekuja kutengeneza rangi," akasema. "Imepasuka kidogo."

Kwamboka akaenda jikoni kupika chai, na Nyamoita akabaki peke yake na picha, nyumba ikiwa na giza la mvua, harufu ya mafuta ya taa ikimjaa puani hadi kooni, na midomo aliyoichora imefungwa sasa ilikuwa wazi, yenye unyevu, ikitikisika, na katikati ya kelele za mabati ikatoka sauti ndogo aliyoilea tangu siku ya kwanza ikisema, "Magokoro, ni mimi, usinifute," naye akajiambia Shetani ni baba wa uongo, jini lazima adanganye, akachomoa kisu akakwangua macho, akakwangua pua, maganda ya rangi yakimwangukia mkononi yakiwa na joto la mwili, na sauti ikaendelea kumwita mpaka kisu kilipofika mdomoni.

Alikimbia bila kunywa chai. Kilio cha Kwamboka kilimfuata hadi barabarani.

Nyumbani alimkuta Nyanchama mlangoni, mashavu yamejaa, akila ndizi za kupika kwa mikono miwili. Nyamoita akapiga magoti kumshukuru Mungu.

"Mbona ulimfuta?" mtoto akauliza, akitafuna. "Alikuwa anakulilia."

Sabato iliyofuata mchungaji aliuliza kama yupo mwenye jambo la kutubu. Nyamoita akainuka. Mkono mdogo ukamshika gauni, ukamvuta chini kwa nguvu za mwanamume mzima.

"Kaa, Magokoro," mtoto akamnong'oneza, kwa upole. "Ukisema sasa, mimi nitaondoka. Halafu wewe utabaki na nani?"

Kanisa zima lilikuwa likimngoja mama wa maono aseme.

Akakaa.