Biskuti Moja, Kopo Linafungwa

Bibi Baukje alikuwa na sheria yake ya kahawa. Mgeni akija, anapewa kikombe na biskuti moja, kisha kopo linafungwa. Ukirudisha mkono kwenye kopo, bibi anakutazama tu, na mkono unarudi wenyewe.

"Mama, hata leo?" mwanawe Jelmer alimtania. "Leo si siku ya furaha?"

"Siku ya furaha ndiyo watu husahau kuhesabu," bibi akajibu, akafunga kopo.

Kweli ilikuwa siku ya furaha. Mjukuu wake Douwe, mtoto wa wiki sita, alikuwa amerudi nyumbani Sneek, mji wa Uholanzi, kutoka hospitali. Njia ya kupitisha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo ilikuwa imebana. Kila alichonyonya alikirusha nje mpaka akabaki mifupa. Madaktari walimpasua, wakailegeza njia ile, na sasa maziwa yalikuwa yanakaa. Bibi alipouona mshono, mdogo kuliko ukucha wake, alishika mdomo. Mikono ya mtu iliwezaje kufanya kazi mahali padogo vile?

Hospitali iliwapa dawa ya maumivu ya kumwekea mtoto kwenye njia ya haja kubwa. Iliwapa pia karatasi yenye saa za kumpa. Mkamwana wake Hinke aliibandika kwenye friji.

"Dawa gani?" bibi aliuliza.

"Parasetamoli, mama."

"Parasetamoli tu! Nchi hii hata ukivunjika mguu utaambiwa kameze parasetamoli ukalale!" Wote wakacheka.

Saa sita mchana Hinke alikuwa amelala, hoi kwa uchovu. Jelmer alimpa mtoto dawa. Kisha akaenda chooni. Mle ndani, kama katika kila nyumba ya mtaa ule, ilining'inia kalenda ya siku za kuzaliwa, na kalamu kwenye uzi. Jelmer akaona kalamu, akaandika hapo hapo. Halafu akapanda baiskeli kwenda kununua nepi. Karatasi ya friji hakuigusa.

Saa saba Douwe akaanza kulia. Bibi akatazama karatasi. Mahali pa saa sita palikuwa patupu.

"Masikini, wamekusahau," alisema. Akafungua boksi, akampa dawa. Mtoto akatulia, na bibi akajisikia shujaa.

Baada ya dakika kumi akaingia chooni. Akakaa, akainua macho. Chini ya jina la shangazi yake Jelmer palikuwa pameandikwa: *Douwe, dawa, saa sita.*

Moyo ulimpasuka paa! Mtoto amepewa mara mbili. Kiumbe yule, mwepesi kuliko mfuko wa viazi!

Mawazo mawili yakamjia kwa pamoja. La kwanza: nyamaza, hakuna aliyeona. La pili: sema sasa hivi. Bibi Baukje hakuwahi kukosea hesabu mbele ya watu, na aibu ilimchoma. Lakini alipotoka alimwona Douwe akipumua kwenye kikapu chake, akaondoka mbio kwa jirani.

Jirani yao, Anke, alikuwa muuguzi wa watoto, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Binti yangu, nimemuua mtoto! Amepewa dawa mara mbili!"

"Hujamuua mtu. Twende kwako, unionyeshe boksi, tupige simu."

Anke alimwamsha Hinke, akapiga simu hospitali. Alisema uzito wa mtoto, nguvu ya dawa, na saa zote mbili. Hakuficha kitu. Daktari akapiga hesabu.

"Kwa uzito wake, kiasi hiki hakijafika mahali pa hatari," daktari alisema. "Msimpe dawa nyingine mpaka niwapigie. Akiwa mgumu kuamka, akikataa kunyonya, au akitapika, mleteni mara moja. Na mmefanya vyema kupiga simu mapema."

Hinke alilia, akamkumbatia mama mkwe wake. Bibi alikaa kwenye kiti kama gunia.

"Sikilizeni," Anke akasema. "Hesabu hiyo ni ya Douwe, na ya leo tu. Mtoto mwingine, au siku nyingine, mnapiga simu tena. Msibahatishe."

"Lakini ni parasetamoli tu," bibi alinong'ona.

"Hakuna dawa ya 'tu', mama. Dawa inaenda kwenye ini. Ini linaibadilisha iweze kutoka na mkojo. Sehemu ndogo ya dawa inageuka sumu, na ini lina akiba ya kuizima. Dawa ikizidi, akiba inaisha, na sumu inaliumiza ini lenyewe."

"Ini la huyu? Lina ukubwa gani?"

"Linaenea kwenye kiganja chako. Na bado linajifunza kazi. La mtoto mchanga linakwenda taratibu kuliko letu. Ndiyo maana dawa yake inapimwa kwa uzito, na saa zinaachana."

Bibi akamfungua Douwe nepi. Ilikuwa imelowa. Akaishika mikononi muda mrefu, kana kwamba amepewa zawadi.

"Kumbe hii ndiyo kazi yake," alisema polepole. "Amelala, hajui kusoma wala kuhesabu, lakini ndani anafanya kazi ya kiwanda kizima! Ee Mungu wangu." Machozi yakamtoka.

Kisha akakaza uso. "Basi tusimpe tena kabisa."

"Hapana, mama! Hilo nalo ni kosa. Mtoto mwenye maumivu hanyonyi wala halali, na kidonda kinachelewa kupona. Zamani hata madaktari wengine walidhani watoto wachanga hawasikii maumivu. Wanasikia. Tazama paji la uso likikunjamana, ngumi zikikaza. Hiyo ndiyo lugha yake. Mpeni dawa, lakini kwa kipimo na kwa saa. Na andikeni mahali pamoja tu."

"Si chooni," Hinke akamwambia Jelmer, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na nepi.

Bibi akainuka. Akamimina biskuti zote kwenye bakuli. Ndani ya kopo akaweka boksi la dawa, karatasi na kalamu. Akaliweka juu kabisa ya kabati.

"Anayetaka dawa lazima aione karatasi. Anampa mtoto, anaandika, anafunga."

Jioni daktari alipiga simu na kutaja saa ya kuendelea. Saa ilipofika, Jelmer alimpa mtoto dawa na kuandika. Bibi akafunga kopo mwenyewe, ta! Siku chache baadaye daktari akasema dawa sasa basi. Douwe alikuwa ananyonya hadi maziwa yanamtiririka kidevuni, na paji lake la uso lilikuwa laini.

Siku hiyo Anke alikuja kunywa kahawa. Akachukua biskuti moja kwenye bakuli, kisha kwa mazoea akakunja mkono.

"Chukua nyingine," alisema Bibi Baukje.

Jelmer nusura aangushe kikombe.

"Mnashangaa nini?" bibi akasema. "Hizi ni biskuti tu."