Nimeshika, Mama

Kwa Mama Wegesa pale Nyarero gari haliondoki kwa ufunguo peke yake. Linaondoka kwa ufunguo na kigogo. Mama akishapanda kwenye pikapu yake ya bluu, Wegesa anasimama pembeni mwa gurudumu akisubiri. Mama akisema "Toa," Wegesa anavuta kile kigogo cha mkaratusi kilicholizuia gari usiku kucha, anakirusha kwenye bodi, gari linateremka taratibu kwenda barabarani. Breki ya mkono ilikufa zamani, Wegesa hajaanza hata darasa la kwanza. Sasa yuko la sita, na kazi ya kigogo ni yake, hakuna wa kumnyang'anya.

Miaka ile ilikuwa ya dhahabu. Kewanja watu walijaa kama siafu, wengine kutoka Mugumu, wengine Musoma, wengine walivukia Sirari, wote wanachimba. Na mtu anayechimba lazima ale. Basi Mama Wegesa, ambaye jina lake ni Agustina, alikuwa anawapakia akina mama na masufuria yao ya ugali, maharage na chai, anawapeleka machimboni. Baba alikuwa na kazi kule Ikoma, kwenye hoteli ya watalii, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo gari likiharibika, fundi ni mama mwenyewe.

Jumamosi moja mama alibadilisha paipu ya breki iliyokuwa inavuja. Sasa, ukifungua paipu ya breki, upepo unaingia. Na upepo ukiwa humo ndani, ukikanyaga pedeli inazama kama umekanyaga tope, gari halisimami. Lazima utolewe wote. Kazi hiyo imezoeleka kuwa ya watu wawili. Mmoja analala chini na spana, anafungua na kufunga kinati kidogo kilichopo kwenye kila gurudumu. Mwingine anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedeli na kuishikilia chini mpaka aambiwe aachie. Akiachia kabla kinati hakijafungwa, gari linavuta upepo upya, mmefanya kazi bure.

Siku zote mkanyagaji alikuwa jirani yao Mwikwabe, lakini Mwikwabe naye alikwishakimbilia kwenye dhahabu. Mama akamwita Wegesa, akamweleza mara mbili, halafu akamwambia amweleze yeye. Wegesa akaeleza vizuri, hakuacha kitu.

Wakaanza. Mama akisema "Kanyaga," Wegesa anakanyaga na kujibu "Nimeshika." Kinati kinafunguliwa, mafuta yanaruka na mapovu yake, kinati kinafungwa. "Achia." Gurudumu la kwanza likaisha. La pili likaisha. Mguu ukaanza kufa ganzi.

Hapo ndipo Sarah, rafiki yake wa darasani, alipotokea uani akihema. Akamnong'oneza kwamba duara moja la Kewanja, yaani shimo la wachimbaji, limetema dhahabu, na kwamba mwenye bahati ni Magige, yule kaka aliyekuwa anauza maji kwa baiskeli. Yuko pale dukani sasa hivi, anawaonyesha watu.

"Anataka kuondoka," Sarah akasema. "Ukichelewa utasimuliwa."

Wegesa akainuka kwenye kiti achungulie njiani. Mguu nao ukapanda. Kutoka chini ya gari mama akauliza, "Umeshika?"

"Nimeshika, Mama," akajibu, na mguu uko hewani.

Ingekuwa mara moja, tungesema bahati mbaya. Lakini alifanya hivyo gurudumu la tatu lote na la nne lote. Anakanyaga mafuta yaruke, kisha anainuka kabla kinati hakijafungwa; mama anauliza, yeye anaitikia, macho yapo dukani. Walipomaliza mama akapanda, akapiga pedeli harakaharaka mara nne, ikapanda ikawa ngumu, akaridhika. Akamshukuru binti yake, akaenda kunawa. Wegesa huyo, mbio.

Na kweli aliiona. Magige aliitoa kwenye kiberiti, kidonge kidogo kama punje ya harage, akakiweka kwenye kiganja. Kwenye mkono ule uliopasukapasuka kwa kazi, kidonge kilikuwa kinawaka chenyewe. Wegesa alisahau hata kupumua. Njia nzima ya kurudi alikuwa anafikiri kwamba hakuna kitu duniani cha kushangaza kuliko kile.

Alipofika nyumbani, masufuria yalikuwa yameshapakiwa. Akina mama saba wamekaa kwenye bodi, na mtoto mdogo, Gati, amepakatwa na mama yake. Wegesa akaingia mbele kuweka kikapu cha mama, na kwa mchezo tu akakanyaga pedeli, mara moja, polepole.

Ikazama mpaka chini.

Akapiga harakaharaka kama mama alivyofanya, ikapanda. Akasubiri kidogo, akakanyaga tena polepole. Ikazama mpaka chini. Akaukumbuka ule mteremko kabla ya Kewanja, mawe upande huu, korongo upande ule. Akageukia kioo cha nyuma, akamwona Gati anacheka na mfuniko wa sufuria.

Mama akaja, akapanda, akawasha gari. "Toa."

Wegesa alikuwa ameshakishika kigogo kwa mikono miwili. Hakuvuta.

"Wegesa, toa."

Bi Arafa, muuza chai aliyehamia pale kutoka Mugumu, hakuwa mtu wa kungoja. Akainama kutoka kwenye bodi. "Vipi binti, kigogo kimeota mizizi?"

"Anadai nauli," akasema Mama Gati, wenzake wakacheka.

Mwenyewe Wegesa alikuwa anaomba mtu mwingine agundue. Injini iishe mafuta, mvua inyeshe, chochote. Lakini mbingu ilikuwa nyeupe na injini inanguruma vizuri tu. Akasimama, akaenda mpaka dirishani.

"Mama, sikushika," akasema. "Uliponiuliza nilikuwa nimeinuka naangalia njiani. Gurudumu la tatu na la nne. Nilikudanganya."

Mama akazima gari. Akakanyaga pedeli mara moja, polepole, akautazama mguu wake ukienda chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliteremka, akawaomba wenzake washushe masufuria, basi.

Walishusha, ila hawakushusha kimya. Mama Gati alisema wachimbaji wakikosa chakula chao watakwenda kwa mwingine na kesho hawarudi. Bi Arafa akasema kama ni kukanyaga tu, yeye ana mguu mzito, apewe kazi.

"Asante, dada," mama akasema. "Leo sitaki mguu wa mtu."

Akamtuma Wegesa kwa Mzee Abdurahmani, fundi mwashi, akaombe kipande cha ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao waashi wanatia maji kupimia kama ukuta umekaa sawa. Wegesa akamwamkia shikamoo, na mzee alipouliza mpira ni wa nini, ilibidi aeleze yote, hata lile la mguu hewani. Mzee akatoa kisu. Akakata kipande cha urefu wa mkono, akampa.

Mama akachukua chupa kavu ya plastiki, akamimina ndani mafuta mapya ya breki kiasi cha vidole viwili. Akapaka grisi kuzunguka kinati ili upepo usipate pa kupenyea. Ncha moja ya mpira akaichomeka kwenye kinati, ncha nyingine akaizamisha kwenye mafuta ya chupa, na chupa akaifunga kwa waya juu kuliko kinati chenyewe. Akalegeza kinati kidogo tu, akaenda kukanyaga pedeli mwenyewe. Chini polepole, juu polepole.

"Angalia chupa," akamwambia Wegesa.

Wegesa akapiga magoti. Kwenye mpira yakaja mafuta, na ndani ya mafuta upepo, vipovu vingi vinakimbizana kama vinafukuzwa. Vikaingia kwenye chupa, vikapasuka juu, vikapotea. Mguu wa mama ulipopanda, mpira ulitaka kuvuta kurudi nyuma, lakini mdomo wake ulikuwa umezama kwenye mafuta. Kilichorudi kidogo kilikuwa mafuta, si upepo. Hakuna mtu chini, hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu, na gari linatema upepo lenyewe. Wegesa alisahau kupumua kwa mara ya pili siku hiyo.

Kila baada ya muda mama alifungua boneti na kuongeza mafuta kwenye kikopo cha breki, kisikauke. Mafuta yaliyotoka hakuyarudisha. Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, hakuruka hata moja.

"Nani alikufundisha, Mama?"

"Shida. Kabla hujazaliwa nilikuwa peke yangu na gari hili. Niliiacha njia hii nilipopata mtu wa kuniambia 'nimeshika' nikamwamini."

Neno lile liliingia ndani kuliko kiboko. Kisha mama akamkabidhi spana.

"La nne ni lako. Funga mpira, legeza, kanyaga. Mimi nakaa pale."

Akakaa kwenye jiwe, mikono mapajani. Wegesa alifunga, akalegeza, akakanyaga, akashuka kuangalia, akapanda tena. Mapovu makubwa, kisha madogo, kisha moja moja. Alipodhani yameisha, akakanyaga tena. Likatoka moja, dogo kama kichwa cha sindano. Angeweza kulinyamazia. Akaongeza mafuta, akaendelea mpaka mpira ukawa safi kama asali, mara kumi mfululizo. Akakaza kinati, mama akakihakikisha, kisha akamwambia akanyage mara moja, polepole. Pedeli ilisimama chini ya mguu kama ardhi.

Walilijaribu gari kwanza kwenye uwanja wa mpira, likiwa tupu, ndipo masufuria yakarudi kwenye bodi. Safari hii Wegesa alipanda mbele.

Katikati ya ule mteremko, ng'ombe kama thelathini walimwagika barabarani kutoka porini. Mama akakanyaga mara moja. Pikapu ikasimama hatua tatu kutoka kwenye pembe za dume la mbele. Nyuma masufuria yaligongana. Gati peke yake ndiye aliyecheka. Ng'ombe wakapita kwa raha zao, na korongo liko palepale kushoto.

Mama aliyatoa macho kwenye ng'ombe, akamtazama binti yake.

"Asubuhi nilipokuuliza umeshika, sikuwa nauliza mguu tu," akasema. "Nilikuwa naweka watu hawa wote kwenye jibu lako. Ukichoka, niambie umechoka. Ukitaka kwenda kuangalia dhahabu, niambie, nitafunga kinati, uende, kazi itakungoja. Lakini usiniambie umeshika na hujashika. Ila mchana umesimama mbele ya watu wakikucheka, ukasema kweli kabla gurudumu halijazunguka. Hiyo ndiyo breki iliyotusimamisha hapa."

Machimboni walikuta wengi wameshakula, maharage yakarudi nusu sufuria, na Bi Arafa alilalamika njia nzima. Lakini Jumamosi iliyofuata alipoona mama amebadilisha paipu nyingine ya breki, amelala chini ya gari na Wegesa yuko kwenye usukani, alisimama uani na birika lake akasikiliza.

"Umeshika?"

"Bado, Mama. Ngoja nikae sawa."

Mama akangoja. Kisha ikaja sauti kutoka juu, haina haraka.

"Nimeshika."

Na kinati kikafunguliwa.