Waya Aliouzika Kaka Yangu Uani

PAAA!

Jembe langu likatoa cheche, jamani... mchana kweupe, kwenye tuta la mchicha!

Mwanangu Noela alikuwa hatua moja kutoka kwangu, yuko peku, kwenye udongo niliotoka kuumwagilia.

Umeme ukakatika nyumba nzima.

Nikafukua. Waya mwembamba, ule wa ndani ya nyumba, umefukiwa kiganja kimoja tu chini!

Wadau, mimi ni fundi cherehani hapa Bagara. Nilijenga chumba cha kazi uani, nikataka umeme kule pamoja na taa nne za bustani. Binti mmoja fundi umeme, Goodness, akanichorea ramani: kebo nene ya kuzikwa, mtaro wa kufika magotini. Akaanza kwa kufunga breka ya usalama, inayojikata yenyewe ikitokea hatari.

Kaka yangu Theophil akaja juu.

"Dada, mimi fundi nipo, kazi unampa mtoto wa watu?"

Nikamwondoa Goodness, ramani yake nikampa kaka. Ndiyo, nilifanya hivyo!

"Chukua breka yako," nikamwambia Goodness.

"Iache tu, Mama Noela. Una mtoto."

Siku ya kulaza kebo niliyoinunua kwa pesa yangu, Theophil akanichekea.

"Dada, makande yako nimeyakumbuka. Si ukapike?"

Kwetu fundi hashindi njaa, sembuse kaka! Niliporudi na sufuria, mtaro ulishafukiwa. Nikampakulia hadi sahani ya pili, mjinga mimi.

Basi, siku hiyo ya cheche nikadaka bajaji mpaka kwake Singe. Banda jipya la kuku... na kebo yangu nene imeingia humo! Kikulacho ki nguoni mwako.

"Theophil, Noela alikuwa peku!"

"Si mmepona lakini? Hata ile breka nilitaka kuing'oa, ingenifaa hapa. Nikasahau tu."

Alisahau!

Mwanangu yu hai kwa sababu mjomba wake alisahau kumaliza kutuibia. Niliumia, sikufichi.

Nikampigia Goodness.

"Shikamoo, Mama Noela."

Kilio kikanitoka. Nikamweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuja kesho asubuhi," akasema. "Ila usinipikie. Ukae hapohapo mtaroni uone ninachofukia."

Ndugu zangu, fundi mpe chakula akishamaliza. Na akiwa ndugu yako, ndiyo kabisa usibanduke mtaroni.