Sauti ya Bi Rukaya na Diski Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, Hajira alikaa mbele ya kompyuta akamsikiliza mama yake. Mama huyo, Bi Rukaya, alikuwa amefariki kijijini Kwedizinga. Alipokuwa hai, Hajira alimrekodi akisimulia ukoo wao kwa Kizigua: nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi. Ndugu waliomba wasikilizishwe sauti hiyo siku ya arobaini.

Sufiani, mume wa Hajira, ni mwalimu mjini Korogwe. Kompyuta yao ilikuwa na diski moja yenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine. Sufiani aliongeza diski ya pili, akaweka humo mfumo mwingine wa kufundishia. Mifumo yote miwili ilifanya kazi. Kisha siku moja akaichomoa diski ile mpya aende nayo shuleni.

Kesho yake Hajira aliwasha kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi, kina maandishi machache meupe.

"Baba Munira, mama yuko wapi?"

Sufiani alibonyeza hiki na kile, jasho likamtoka. "Nadhani diski imeharibika. Itabidi niifute, niweke mfumo upya."

"Uifute?" Hajira aliketi sakafuni. "Mimi nimeshamzika mama. Usinizikishe tena."

Sufiani akaondoa mikono kwenye kompyuta. Alitoka, akaenda kumwita jirani yao Upendo, fundi wa kompyuta.

"Poleni sana na msiba," Upendo alisema alipoingia. "Shemeji, umefuta chochote?"

"Bado."

"Afadhali. Basi sauti imo. Ulipoweka mfumo mpya, diski zote mbili zilikuwa zimechomekwa?"

"Ndiyo."

"Hapo ndipo palipoharibika. Programu ya kuwashia mfumo mpya ilijiandika kwenye diski ya zamani. Kompyuta ikiwaka, programu hiyo inautafuta mfumo wake kwenye diski ya pili. Wewe umeiondoa diski hiyo, nayo programu inakwama."

Sufiani aliitoa diski mpya kwenye mkoba wake wa shule, akairudisha. Kompyuta ikawaka. Hajira alitaka kusikiliza papo hapo, lakini Upendo alimshika bega.

"Kwanza tutoe nakala, dada yangu. Mtu asiguse mfumo kabla ya kutoa nakala."

Waliihamishia sauti kwenye flashi mbili. Kisha Upendo akatengeneza upya programu ya kuwashia mfumo wa zamani. Alipomaliza, alizima kompyuta, akachomoa waya wa diski ya zamani.

"Sasa weka upya mfumo wako kwenye diski ya pili, ikiwa peke yake, ili programu yake ya kuwashia ikae humo humo," alimwambia Sufiani.

Sufiani aliuweka mwenyewe, safari hii bila haraka. Mwishowe walichomeka diski zote.

"Ukiwasha, bonyeza kitufe hiki, uchague diski unayoitaka," Upendo alieleza. "Kila moja inajitegemea. Ukiondoa hii, ile itawaka."

Walijaribu. Ikawa kweli.

"Nisamehe, Mama Munira," Sufiani alisema. Hajira aliitikia kwa kichwa tu.

Siku ya arobaini, baada ya dua, ndugu walikaa kwenye mikeka kule Kwedizinga. Sauti ya Bi Rukaya ikaanza kutaja majina. Ilipofika kwa babu yake ikanyamaza, Bi Rukaya akilitafuta jina.

Bi Maryamu, mdogo wake, akasahau kwamba dada hayupo. Akamkumbusha kwa sauti: "Mhina!"

"Mhina," sauti ikasema, kisha ikaendelea.

Bi Maryamu akajifunika uso kwa khanga yake, akaendelea kusikiliza.